Mji wa Tryphena

Tryphena wa kijiji cha Werugha, juu mlimani, alikuwa na mji wake, na mji huo haukuwa kwenye ramani yoyote. Aliujenga kwa mdomo akiwa bado msichana wa shule, mwaka ambao mdogo wake, Mwandawiro, alivunjika paja akalazwa ndani miezi mingi. Mama yao alikuwa akishuka sokoni na kabichi, na kazi ya kumtuliza mgonjwa ikamwangukia dada mtu. Basi akamwambia kwamba nyuma ya ukungu, pale mlima unapoishia, kuna mji wa ngoma. Hakuna aingiaye bila kuimba langoni wimbo wa bibi yake. Wafinyanzi wa kule hupiga vyungu vyao kama ngoma kwanza, na kisicholia vizuri hakiuzwi. Watu wakikosana hawaendi kwa chifu. Hupelekwa uwanjani wakacheza ngoma ya mwazindika mpaka jasho limalize maneno.

Mwandawiro alipona, akasoma, akapata kazi ya utangazaji katika kistesheni kimoja cha redio mjini Voi. Tryphena aliolewa kilima cha pili, akafuga ng'ombe wa maziwa na kulima mboga kwenye matuta. Mji hakuuacha. Mtoto wake wa kwanza alipofariki kabla hata ya kupewa jina, aliongeza nyumba moja kule, nyumba ya watoto wasio na majina, ambako mabibi hupokezana kuwaimbia. Wimbo wao aliutunga mwenyewe. Hakuna aliyeusikia ila Mwandawiro, aliyekuja kumpa pole wakakaa wawili jikoni.

"Huu usimwimbie mtu," alimwambia. "Ni wa mtoto."

Mwandawiro aliitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga.

Miaka ikapita. Asubuhi moja Tryphena anakamua, redio imetundikwa kwenye nguzo ya zizi, mara akasikia sauti ya mdogo wake: "Karibuni kwenye Mji wa Ngoma, hadithi niliyoachiwa na babu yangu."

Kwanza alicheka. Babu yao alikuwa mtu wa pombe, hakuwahi kumsimulia mtu chochote. Lakini kila wiki alisikiliza, na majirani walipokutana njiani wakizungumzia lile lango na vile vyungu, yeye alinyamaza akiona raha ya siri.

Kisha kipindi kikafika kwenye nyumba ya watoto wasio na majina. Mwandawiro aliisimulia vizuri, hilo hawezi kumnyima. Halafu ukaingia wimbo wenyewe, unaimbwa na msichana asiyemjua, kinanda kikimfuata, na kabla haujaisha sauti nyingine ikadakia kusifu unga wa uji uliodhamini kipindi. Tryphena aliinuka ghafla, ndoo ikapinduka, maziwa yakaenda na samadi.

Kesho yake aliteremka Voi. Mwandawiro alimpokea kwa furaha, akampeleka hotelini jirani na stesheni, akaagiza chai.

"Dada, umesikia kipindi? Watu wanapiga simu kutoka Taveta mpaka Miasenyi."

"Nimesikia wimbo wa mtoto wangu ukiuza uji."

Mwandawiro alikoroga chai yake. "Ni zamani sana hiyo. Nilidhani umeshapoa."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungekataa."

Hilo ndilo lililomkata maini. Angesema alisahau, angemsamehe palepale. Lakini alikuwa anakumbuka kila kitu, jikoni kule na maneno yale, na bado akaamua kuutoa redioni.

"Na babu ameingiaje?" aliuliza.

"Watu wanataka hadithi ya wazee, dada. Nikisema ni ya dada yangu mkulima, nani atasikiliza?"

Tryphena aliiacha chai ikiwa imejaa, akarudi kwake.

Wimbo haukumwacha. Watoto wa jirani waliuimba wakienda shule, wakichanganya maneno, naye alikuwa akifunga mlango wa jikoni. Alipojaribu kurudi kimawazo kwenye mji wake wa ngoma, kama alivyozoea akiwa na kazi ya mikono, alikuta kinanda kile kimetangulia. Ndipo akamtoa mtoto wake katika nyumba ile. Alimpa jina, na jina hilo hajamwambia hata mumewe.

Krismasi Mwandawiro alipanda mlimani na mchele na vitenge. Tryphena alimpikia, akampakulia. Baada ya kula Mwandawiro alimsogelea dada yake.

"Dada, kwenye ule Mji wa Ngoma, ukivuka mto kuna nini? Nimeishiwa na hadithi."

"Muulize babu," alisema Tryphena, akakusanya sahani.

Kufikia Pasaka kipindi kilikuwa kimekwisha, wakaweka cha mpira. Hawajakosana, ndivyo watu wanavyosema, maana wanapigiana simu. Mwandawiro huuliza habari za ng'ombe, Tryphena huuliza habari za watoto wa mdogo wake, na mji ule hakuna anayeutaja tena. Mdogo wake akija, humsindikiza mpaka barabarani kama desturi. Husimama hapo hadi gari lipite kona, kisha hurudi zake kukata nyasi.