Dalali Alipokuja Kung'oa Mota

Dalali alifika asubuhi ya siku ya soko, foleni ikiwa imetoka nje ya mlango. Kina mama wa Maretadu walikuwa wameshusha madebe yao ya mahindi ukutani, wengine wamekalia ndoo, na mimi nilikuwa ndani nimejaa unga mpaka kwenye kope. Sikusikia gari. Mashine ikiwa inasaga husikii kitu. Nilichoona ni wale kina mama kugeuza shingo wote upande mmoja, nikajua.

Nilijua kwa sababu nilikuwa namsubiri. Mume wangu aliugua muda mrefu kabla ya kutuacha, na katika ugonjwa ule kila kilichoingia kwa mashine kilikwenda hospitali. Leseni ya biashara ikaisha muda wake, ushuru wa halmashauri ukalimbikizana. Baada ya mazishi nilikwenda ofisini kuomba nilipe kidogo kidogo. Walinisikiliza vizuri, wakanipa pole, wakaniambia deni limeshakabidhiwa kwa dalali.

Alikuwa mwanamume wa makamo, mnene kidogo, shati limechomekewa, karatasi mkononi. Nyuma yake walisimama mgambo wawili. Mama mkwe wangu, ambaye ninaishi naye mpaka leo, alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni anachagua maharage kwenye ungo. Dalali akampita, akaniita mimi.

"Mama, wewe ndiye mwenye mashine? Nina amri ya kukamata mali."

Kabla sijajibu, mama mkwe akasema, macho yake yakiwa bado kwenye maharage, "Huku kwetu mgeni anaanza na salamu."

Yule bwana akasimama. Akarudi hatua, akainama kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Umekunywa chai?"

Nilizima mashine. Kukawa kimya, na katika kimya kile dalali akanieleza kwa sauti ya kawaida, bila ukali, kwamba atachukua mota, kwa kuwa ndiyo yenye thamani, na kwamba nisipolipa itauzwa. Kina mama walisikia kila neno. Mmoja wao, aliyekuwa ametoka Masieda na punda wake, akauliza, "Na mahindi yetu, baba? Mimi nyumbani sina hata unga wa uji."

Dalali akaitazama ile foleni. Akaangalia saa. "Hawa wote ni wa leo?"

"Wote," nikasema.

"Basi wasagie. Ila anayekuja kuanzia sasa usimpokee."

Nikawasha tena mota yangu. Sijawahi kusaga kwa uangalifu kama siku ile, nikigusa mkanda, nikisikiliza mlio wake kama mtu anayesindikiza mgeni asiyejua atarudi lini. Mgambo mmoja alichoka kusimama, akaanza kuwasaidia kina mama kuinua madebe. Na nilipochungulia nje nilimkuta dalali ameketi kwenye gunia kando ya mama mkwe, kikombe cha uji chini, na ungo umewekwa katikati yao. Alikuwa anachagua maharage. Mama mkwe alikuwa anamwonyesha yaliyotobolewa na wadudu, maana yule bwana alikuwa anayaacha yapite.

Lilipokwisha debe la mwisho walichukua spana wakafungua mota. Hawakuvunja kitu. Waliniambia nihifadhi mkanda na nati, nisije nikavipoteza. Nilipoweka saini, dalali akaninong'oneza:

"Dada, sheria inakupa muda kabla sijanadi. Wengine huwa hawausubiri. Mimi nitausubiri mpaka siku ya mwisho. Tafuta."

Pikapu iliposhuka mteremko nililia, na kina mama waliobaki wakalia na mimi. Lakini hata katika machozi yale niliona kwamba ningeweza kuangukia dalali mwingine, asiye na huruma hii.

Kutafuta nilikoambiwa, nilitafuta. Majirani walileta mahindi, huyu kindoo cha sado kimoja, yule viwili, na wao wenyewe sasa walikuwa wanabeba mizigo kwenda kusaga mbali. Niliuza maharage yote isipokuwa mbegu. Kaka yangu akaniongezea alichonacho. Bado haikufika hata nusu. Nikaanza kujizoesha kuutazama ule msingi wa saruji uliobaki mtupu, nikijiambia kwamba watu wanaishi bila mashine.

Mchana mmoja mbwa wakabweka sana. Nikatoka, nikaona mzee mwembamba wa Kibarabaigi amesimama nje ya ua, shuka begani, viatu vya matairi vimejaa vumbi. Alikuwa anawaswaga ng'ombe wawili, dume kijana na mtamba. Begani, juu ya fimbo, alikuwa amening'iniza ngozi kavu iliyokunjwa.

Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza kama mama yupo. Mama mkwe alipotoka, walitazamana kidogo, kisha mama akamwita mzee kwa jina lake, akamkumbatia.

Alikuwa rafiki wa mume wangu, kutoka Dirma. Zamani, kabla sijaolewa, mume wangu alimpa ng'ombe jike mmoja amtunzie huko chini kwenye malisho, kama watu wetu na wao wanavyofanya tangu zamani. Hilo nilikuwa nimelisikia. Lakini ukame ulipopita huko Hanang, na habari za mizoga zikafika mpaka kwetu juu, mume wangu alisema yule ng'ombe tumhesabu amekufa, na tusimsumbue rafiki yake kwa maswali. Tangu hapo hakuna aliyemtaja tena.

Mzee aliketi, akanywa maji, kisha akaikunjua ile ngozi chini mbele ya mama mkwe. Ilikuwa nyekundu, na ubavuni ina baka jeupe.

"Unamjua huyu?" akauliza.

"Namjua," mama mkwe akasema. "Nilimlea mimi."

"Alikufa kwenye ukame. Wangu wengi walikufa pia. Nikaitunza ngozi yake ili siku moja nije niwaonyeshe, msije mkafikiri nimemla. Lakini hawa wawili ni watoto wake. Walibaki." Akanigeukia mimi. "Nilikuwa mnadani, nikasikia mke wa rafiki yangu amechukuliwa mashine. Mimi msiba wenyewe nilichelewa kuusikia. Nisamehe. Uza hili dume."

Mtu huyu alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya zizi lake. Hakuna aliyekuwa anamdai, hakuna karatasi, na mwenye ng'ombe ameshazikwa. Angekaa kimya, hakuna ambaye angemwuliza. Badala yake alipandisha mlima na ng'ombe wa watu, na ngozi begani ya kuthibitisha kifo cha mmoja.

Alilala kwetu. Asubuhi mama mkwe akamwombea kabla hajaondoka, sala ndefu ya kikanisa. Mzee mwenyewe si Mkristo, lakini alisimama ametulia, fimbo ameilaza chini, mpaka aliposikia amina. Mtamba akarudi naye Dirma, kwa sababu malisho ni kule, na kwa sababu hatukuona mahali pengine pa kumweka penye usalama zaidi.

Dume liliuzwa mnadani. Pamoja na tulichokuwa tumekusanya, deni likaisha, na leseni mpya ikapatikana. Dalali alirudisha mota mwenyewe kwa pikapu ileile. Safari hii aliamkia kutoka kwenye gari, kabla hata hajashuka, na mama mkwe akacheka.

Fundi alipounganisha nyaya, mota ikazunguka kinyume, na mahindi yakarushwa juu yakamwangukia dalali kichwani. Kina mama walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Fundi akabadilisha nyaya mbili, akawasha tena. Unga wa kwanza ukatoka ukiwa wa moto, kama kawaida yake. Nilimjazia dalali mfuko, akakataa, akasema haruhusiwi kupokea kitu. Mama mkwe akamwambia uji wa siku ile alikunywa, na hakuna aliyemfunga. Akaupokea.

Mfuko mwingine, mkubwa zaidi, nilimpa mtu wa basi linaloshuka upande wa Dirma, amfikishie mzee.