Wamelikata Shauri Langu Vipande, Ng'ombe Mmoja Mmoja

(Jina la mwenye barua tunalijua sisi tu. Ameomba tulifiche.)

Wasomaji wenzangu, nawasalimu, na wakubwa zangu shikamooni. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na nne, mkulima wa mtama huku Iramba. Kusoma nilifundishwa misheni, na barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, asije mtu akasema nimeandikiwa.

Baba hakuwa na mtoto mwingine. Alipoanza kuugua aliita majirani, akanipa mbele yao ng'ombe wake kumi na saba, wote wenye alama yake moja, sikio la kushoto limekatwa ncha. Alikuwa amewaweka kwa wafugaji watatu, kama desturi yetu ilivyo, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usiwamalize. Alipofariki tu, baba mdogo akawaswaga wote kwake. Nilipomwuliza alicheka. "Wewe utaolewa tena. Ng'ombe wa ukoo wakalale zizi la nani?"

Nikaenda barazani. Baraza letu lina mpaka: mali ikiwa nyingi haliruhusiwi kukata shauri, lazima lipelekwe kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, huko bomani. Ng'ombe kumi na saba wanavuka mpaka huo bila ubishi. Lakini mzee wa baraza ni mnywaji mwenza wa baba mdogo. Akaniambia kwa upole, "Binti yangu, boma ni mbali. Tuanze na ng'ombe mmoja, wengine watafuata." Karani akaandika, nami nikatia sahihi bila kusoma. Mimi, mwanafunzi wa misheni! Mpaka leo najikasirikia.

Siku ileile nikashinda. Nikapewa ng'ombe mzee, hana maziwa, meno yamekwisha. Niliporudi kudai wengine, mzee akasema, "Kila ng'ombe ni shauri lake, ndivyo ulivyotia sahihi. Wa pili tutamsikiliza baada ya mavuno." Kwa mwendo huo nitamaliza nikiwa kibogoyo kama yule ng'ombe, na huku baba mdogo anamwozesha mwanawe kwa mahari ya ng'ombe wangu!

Basi nikamrudisha yule ng'ombe mzee asiye na meno, nikamfunga kwenye nguzo ya baraza. Nilitoa shikamoo kwanza, maana adabu sijaipoteza. Kisha nikasema, "Alama ni moja, shauri ni moja. Andikeni kwamba limewazidi, mlipeleke bomani." Mzee alinifukuza. Karani alinifuata nje, akaninong'oneza kwamba hata mimi mwenyewe naweza kumwomba Bwana Shauri alihamishe shauri langu kwake. Ombi nimekwisha kuliandika, na safari hii nimelisoma mara tatu.

Tatizo ni mama. Anaishi katika mji wa baba mdogo, yaani nyumbani kwake, hatua chache kutoka kaburi la baba. Baba mdogo ameapa, "Ukiupeleka ukoo bomani, mama yako abebe chungu chake aondoke." Nimemwambia mama aje kwangu, hataki. Analia: "Mwanangu, nitamwacha baba yako na nani? Mchukue yule mmoja, tunyamaze." Machozi yake yananiuma kuliko matusi yote niliyotukanwa.

Msinishauri kunyamaza. Hilo nimekwisha kushauriwa na wanaokunywa maziwa yangu. Bomani nakwenda, Jumatatu kukicha nitakuwa njiani. Nishaurini jambo moja tu: nikipita kumuaga mama, nimwambie nini?