Mikono Iliyopashwa kwa Kikombe

Mnyoosha mgongo wa pale Nakuru hamgusi mtu kwa mikono baridi. Kwanza huizungusha kwenye kikombe cha chai asichokunywa, ndipo huuliza, "Niguse, mathe?" Namalwa, aliyeharibikiwa mgongo katika shamba la maua Naivasha kisha akafukuzwa kama mbwa, alilipenda swali hilo bila kutaka. Kabla ya kutoa ushauri, bwana huyo hufumba macho na kunong'ona, "Utafiti unasemaje?" halafu hujibu polepole, kama anayechambua mchele.

Leo maumivu yalikuwa yamekwisha, na Namalwa alingoja kwa hasira aambiwe arudi kila mwezi maisha yake yote, maana kila aliyewahi kumkanda alimng'ang'ania hivyo. Akaambiwa ainue ndoo ya maji. Akainua. Bwana akafumba macho. "Kurudi kila mwezi huwafaa wale ambao maumivu huwarudiarudia. Kwako sioni ushahidi kwamba kutakusaidia. Tembea, lima. Ukiumwa, uje."

"Daktari, hata pasta wangu hajawahi kuniambia nisirudi!" Namalwa akacheka, akatoka. Alikuwa amefika chini ya ngazi alipokumbuka kwamba, tofauti na siku zote, hakushika ukuta aliposhuka.