Dakika Mbili za Salamu

Katika ghala letu la Shakopee, huku ughaibuni, mashine ya akili bandia ndiyo iliyotupima kasi ya kazi. Siku moja nilisimama kumwamkia mama mmoja Mkongomani, mfanyakazi mwenzangu, naye akaniuliza habari za watoto, za nyumbani, za baridi. Kesho yake msimamizi akanionya: mashine imeandika kwamba nilizembea dakika mbili. Mimi, nimezembea!

Nikapiga simu ofisi ya jimbo kulalamika. Wakaniambia jimbo linatunga sheria ya kudhibiti mashine kama hizo, lakini serikali kuu kule Washington inataka majimbo yasiiguse akili bandia, kwa hiyo nisubiri. Watoto wangu watakula kusubiri?

Asubuhi iliyofuata nilimpita yule mama kimya, macho sakafuni. Akaniita kwa nyuma: “Mwanangu, nimekukosea nini?”

Sikusimama.