Kozi Aliyonichagulia Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipofaulu nilipiga vigelegele kuwashinda wote, huku rohoni nawaka. Kilikuwa kijicho kitupu, sina jina jingine la kukipa. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kompyuta. Leo yeye ana cheti, anakaa kwake Pangani analipwa kujaribu kuvunja mifumo ya kompyuta ya watu ili ijulikane wezi wangepitia wapi. Mimi niko hospitalini hapa Tanga, naitwa kila printa inapomeza karatasi.

Nikaamua nami nisome. Kozi zilikuwa tatu. Moja vipindi vyake vilianza saa kumi na mbili jioni, saa ninayomwogesha mama, aliyepooza upande mmoja na anayeishi nami. Nyingine ilikuwa ya masomo yaliyorekodiwa: unasoma ukipata nafasi, ila umalize ndani ya miezi mitatu. Ya tatu ndiyo aliyosoma yeye, yenye mtihani wa kuvunja mifumo kutwa na kucha.

"Dada, chukua hiyo ya kurekodiwa," aliniambia. "Hii yangu itakuua, na kazi zote hizo ulizo nazo."

Nilichosikia mimi ni kwamba sina akili ya kutosha. Nikanuna, nikaapa nitasoma hiyohiyo yake, hata kama sijui nitalala lini.

Jumamosi alikuja kama kawaida yake, nipumzike. Akaingia kumwogesha mama, kompyuta yake akaiacha mezani, wazi. Huyu ni mtu ambaye hata akienda chooni kazini kwake huifunga. Kwangu hakuona haja.

Watu wa kazi hiyo hawagusi mfumo wa mtu bila ruhusa yake ya maandishi. Nililijua hilo vizuri, na bado nikakaa kwenye kiti chake. Nilitafuta matokeo yake, nikiomba nikute aliwahi kufeli, japo mara moja, nipate kupumua. Chumbani nilisikia maji yakimwagwa na mama akicheka.

Matokeo sikuyaona. Niliona barua aliyomwandikia mwalimu wa ile kozi ya masomo yaliyorekodiwa: "Dada yangu anafanya kazi kutwa, na jioni anamuuguza mama yetu. Nilichonacho chote alinianzishia yeye. Akijiandikisha naomba mumwongezee muda, ila asijue kwamba nimeomba." Mwalimu alikuwa amekubali.

Nikairudisha kompyuta ilivyokuwa, nikaenda jikoni nikasimama tu.

Wiki ile nilijiandikisha kozi hiyo. Nilipomwambia alinikumbatia, akauliza nini kimenibadilisha mawazo. Nikamjibu kwamba nimekaa nikafikiri.

Muda niliongezewa na masomo yanakwenda. Asante sijampa, maana nikimshukuru itabidi niseme nilijuaje. Na kijicho hakijatoka. Zamani nilimwonea kijicho kwa cheti chake. Sasa namwonea kwa moyo wake, na huo hakuna kozi ya kuusomea.