Viatu vya Akinyi

Juzi pale Dagoretti Corner nilimkuta fundi akichemsha lami ya kuziba paa. Harufu ile ilinirudisha kwenye gereji ya nyumba moja kule Loresho, ambako baba alitunza bustani. Mwenye nyumba alimruhusu aunde humo boti ya kuvulia samaki, ampelekee ndugu yake kwetu ziwani.

Alasiri moja baba aliimaliza. Aliziba nyufa kwa pamba na lami, kisha akaandika ubavuni kwa rangi nyeupe: Akinyi. Huyo alikuwa dada yangu mkubwa. Surua ilimuua, na kwa kukosa gari la kumpeleka kwetu, alizikwa huku huku Nairobi. Kwetu hilo ni jambo zito; mtu huzikwa kwao.

Mama alisimama mlangoni. "Baba Akinyi, hizo mbao ndizo zitamfikisha mtoto nyumbani?"

"Angalau jina lake lifike. Lori linakuja kesho."

Nilikuwa mdogo, sikuelewa kwamba jina tu ndilo lingesafiri. Nilikimbia nikaleta viatu vya Akinyi vya kanisani, nikavisukuma chini ya ubao wa kukalia.

Mama aliviona. "Nani ameweka hivi?"

Nilingoja kofi, maana mama hakuwa mtu wa mchezo. "Ni mimi. Asishuke miguu mitupu, watamcheka."

Mama aliingia ndani ya boti, akakaa, mkono juu ya viatu. Halafu akaokota kamba, akavifunga pale pale chini ya ubao, akakaza sana.

"Baba Akinyi," akasema, "mwambie ndugu yako asivitoe."