Wimbi Kiganjani

Nilipokuwa mtoto kule Naitiri, nilikuwa nasaga meno usingizini kwa nguvu hata dada yangu akahamisha godoro lake. Mimi sikusikia kitu. Niliota tu natembea katika shamba la mahindi lisilo na mwisho, natafuna kitu kisicho na ladha, kisha naamka taya zinauma.

Wakati huo mama alikuwa amelazwa Kitale. Siku moja jirani yetu Mama Wafula, ambaye hakukosa neno kwa jambo lolote, alinigeukia tukichambua maharagwe.

"Ati unasaga meno? Si unajua mtoto wa hivyo anakula mzazi wake pole pole?"

Nilimwamini kabisa. Kama si mimi, nani alikuwa anammaliza mama yangu? Nikaapa sitalala tena, na kila mara usingizi ukanishinda. Basi mchana mmoja nilichukua leso ya mama, nikaipitisha chini ya kidevu, nikakaza fundo utosini ili meno yasisogee, nikajilaza juu ya magunia.

Niliamshwa na mayowe ya kukhu, nyanya yangu. Alikuwa anaifungua ile leso.

"Nani amekufunga hivi? Hivi tunafunga mtu amekufa, mtoto wangu!"

Nikamwambia yote kwa kilio. Hakusema kwamba ni uongo. Nadhani naye aliamini. Alichota punje za wimbi guniani, akanimwagia kiganjani, akanikunja vidole kimoja kimoja.

"Meno ikitaka kusaga, itasaga hii. Mama yako itamwacha. Lala, mimi niko."

Nililala. Ndotoni nilisikia jiwe la kusagia likienda na kurudi, likienda na kurudi, na mpaka leo sijui kama lilikuwa jiwe au mimi. Nilipoamka, kiganja kilikuwa kitupu na kukhu alikuwa bado ameketi pale pale.

"Umeona? Imeisha yote."

Mama alirudi kabla ya mavuno, amekonda, anatembea ameshika ukuta.

Siku hizi navaa kifaa cha plastiki mdomoni nikilala. Daktari wa meno mjini Bungoma alinieleza kwamba usingizini ubongo huzinduka kidogo, karibu uamke, na neva zikaamuru misuli ya taya ikaze bila mwenyewe kujua. Wasiwasi huzidisha. Nilimshukuru, lakini niliwaza juu ya ile leso.

Mwezi uliopita nilimsimulia mama habari ya leso na wimbi kwa mara ya kwanza. Alinishika mkono.

"Ulibeba hiyo yote peke yako?" Kisha akafungua mdomo wenye mapengo. "Niangalie, bana. Kitu imeisha ni meno tu."

Tulicheka mpaka machozi. Nililala kwake, kifaa nimekisahau nyumbani. Asubuhi niliamka ngumi yangu imefungwa, na ndani yake mna wimbi. Sijui kama nilisaga meno usiku ule. Najua mama yangu aliamka, akaja, akanikunja vidole, nami nikalia kwa furaha kabla hajaniita kunywa chai.